Sahihi Hamsini, Pamoja na Sufuria

Ili kumaliza sekondari huku Sweden lazima uandike kazi moja ndefu ya mwisho, na kazi hiyo isipopita hupati cheti, hata kama masomo mengine yote umeyaweza. Mama yangu alilijua hilo. Hata hivyo mwezi wa kumi na moja, miezi saba kabla ya mimi kuhitimu, alikuwa ameshaagiza kitenge cha sherehe kutoka Brussels, vipande kumi na viwili vya rangi moja. Mama zangu wadogo wawili walikuwa wameshapeleka vipimo vyao kwa fundi. Kwa hiyo kazi yangu niliiandika nikijua kwamba nikianguka, kuna wanawake kumi na wawili hapa Ulaya watakaobaki na gauni lisilo na sababu.

Mada yangu ilikuwa wanawake wa amani. Sikuichagua kwa moyo mzuri. Mwalimu wa historia aliandika mada ubaoni, akatuambia kila mtu aende akaandike jina lake chini ya ile anayoitaka, na mimi nikasubiri mpaka wote warudi kwenye viti vyao. Ikabaki moja: wanawake waliopigania amani kati ya vita ya kwanza na ya pili ya dunia.

Niliposoma nikagundua kwamba walifanya mambo mengi ambayo mimi siwezi. Walisafiri kwa treni kwenda kukutana na wanawake wa nchi ambazo juzijuzi tu zilikuwa zinawaulia watoto wao. Walisimama mbele ya kumbi wakahutubia. Na walitembea nyumba kwa nyumba na karatasi inayoziomba serikali zipunguze silaha, wakikusanya sahihi, katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Karatasi zikajaa masanduku, masanduku yakabebwa mpaka Uswisi kwenye mkutano mkubwa wa kupunguza silaha. Halafu vita ikaja, kubwa kuliko ya kwanza.

Mwalimu alisema hilo halina maana kwamba walishindwa. Nikamwuliza basi lina maana gani. Sikumwuliza kwa mdomo, nilimwandikia barua pepe usiku huohuo. Akajibu kwamba hilo ndilo swali la kazi yangu, na kwamba ili nilielewe vizuri nifanye jaribio: niandike ombi la amani kama la wale wanawake, nikusanye sahihi hamsini. Wanafunzi wenzangu hawahesabiwi, ni rahisi mno. Kila mtu nimwulize mwenyewe, uso kwa uso, na ajue anatia sahihi kitu gani. Majibu yote niyaandike kwenye daftari la kazi. Mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya Februari, saa kumi jioni. Aliniambia haya kwa upole kabisa, kama daktari anayekuarifu kwamba utachomwa sindano hamsini.

Kwenye hifadhi ya nyaraka ya manispaa walinionyesha daftari dogo la mwanamke mmoja aliyekuwa mkusanyaji wakati ule. Jina lake halikuwa limeandikwa. Kila nyumba aliipa mstari wake. Hapa mke alitaka lakini mume hakuwepo, arudi. Akarudi mara nne. Pale waliweka sahihi wote pamoja na mpangaji. Pale kulikuwa na mbwa. Na kwa baadhi ya nyumba hakukuwa na neno lolote, ila kistari kifupi cha penseli. Mama wa hifadhi alisema labda hawakuwepo nyumbani. Lakini mimi kile kistari nilikielewa. Zile ni nyumba alizozipita bila kubisha.

Jumamosi ya kwanza nilisimama mbele ya kituo cha treni cha hapa kwetu Tumba kwa saa mbili. Nilikuwa na kibao cha kubania karatasi na kalamu tatu, kwa sababu kwenye baridi wino hukataa. Treni zilikuja nyingi. Watu walishuka, wakaniona, wakatoa simu zao. Nilipoona hivyo na mimi nikatoa yangu, nikajifanya napigiwa, ili wasione haya kunikwepa. Niliendelea hivyo kwa muda wa treni tatu. Mzee mmoja aliniambia kampuni yake ya simu inamtosha, habadilishi. Nikamwambia asante. Mwisho nilikuwa na sahihi nne, na moja kati ya hizo ni ya mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye benchi na mguu wa plasta, ambaye nadhani hakuweza kuondoka.

Mama alikuwa jikoni niliporudi. Mama yangu anatoka Kivu, na kazi yake hapa ni kuhudumia wazee majumbani. Yeye huongea nami Kiswahili cha kwao, mimi humjibu Kiswidi, na hatujawahi kukubaliana kwamba iwe hivyo.

"Umepata bangapi?"

"Wanne."

"Bane? Saa mbili muzima?"

Nikavua viatu.

"Leta hiyo karatasi," akasema. "Kesho nitaipitisha kanisani. Utaona."

"Ni lazima niwaulize mwenyewe."

"Utabauliza siku gani? Weye unaogopaka hata kuagiza pizza."

Ni kweli. Pizza huagiza yeye.

"Basi anza wewe kutia sahihi," nikamwambia.

"Mie? Hapana. Mie niko wa kupitisha tu." Akacheka kidogo, akarudi kwenye vitunguu vyake. Sikulitilia maanani.

Kanisa letu ni la Kiswahili, kila Jumapili saa tisa, kwenye ukumbi tunaoazimwa na Waswidi baada ya wao kumaliza. Wako Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi, na Mganda mmoja anayesema haelewi lakini hucheka mahali panapotakiwa. Na ni lazima nieleze desturi moja. Kwetu karatasi ikipita benchi kwa benchi juu ya kitabu cha nyimbo, hakuna anayeuliza. Ni karatasi ya sufuria. Mtu amezaa, au amefika kutoka nyumbani, au amefiwa, na watu watakula. Unaandika jina lako na utakachopika Jumapili inayofuata. Kule juu husomi, unaangalia tu waliokutangulia wameandika nini, usije ukarudia. Ukichelewa chapati zinachukuliwa, unabaki na wali, na wali ni wa watu wasiojua kupika.

Mama alikwenda nayo benchi la mbele akaiachia. Karatasi yangu ilikuwa na maneno ya Kiswidi juu na mistari mitupu chini, sawasawa na nyingine zote. Mimi nilikaa nyuma kabisa karibu na makoti ya watoto, nikaitazama ikisafiri. Kalamu ilikuwa inakimbia. Hakuna aliyesita. Wengine walikuwa wanageuka kumwangalia mwenzao ameandika nini, halafu na wao wanaandika haraka. Nikafikiri: kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa. Kumbe watu wana kiu.

Iliporudi nilihesabu mistari tu. Sitini na mmoja. Sikusoma, nilikuwa nimejaa furaha na sikutaka mtu anione.

Jumatatu mwalimu alikuja mezani kwangu kuiona. Alikaa kwenye kiti cha jirani yangu, akapitisha kidole kwenye majina, halafu kwenye safu ya pili pembeni.

"Na hapa ndipo wanapotoka?" akauliza.

Nikatazama kidole chake kilipo. Kilikuwa juu ya Sombe. Chini ya Sombe kulikuwa na Matoke, kisha Lengalenga, kisha Mukimo, kisha Mukimo tena lakini limekatwa na kuandikwa Kachumbari. Ndiyo mara ya kwanza niliiona ile safu. Mwalimu alikuwa ananingoja.

"Ndiyo," nikasema.

Alifurahi sana. Alisema hilo linaipa kazi upana, na akapendekeza niweke ramani. Chapati na sambusa zilikuwa ukurasa wa pili, ambao hakuufikia.

Nilipofika nyumbani niliipiga picha ile karatasi, nikaikata safu ya pili kwenye kompyuta. Ilichukua dakika moja. Majina yakabaki peke yake, safi kabisa, sitini na moja, zaidi ya yaliyotakiwa. Niliyaangalia kwa muda mrefu. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ndiyo iliyonizuia. Ilikuwa ramani, ambayo mwalimu alikuwa anaingoja itoke kwenye safu ileile.

Mama aliporudi kazini nikamweleza. Alicheka mpaka akaketi. Akafuta macho kwa upindo wa kitenge, akaomba maji, akaanza upya.

"Kwa hiyo tutawaambia wasipike," nikasema.

"Bameandika. Batapika."

"Lakini hakuna sherehe, Mama."

"Hiyo haiko shida yabo." Halafu akaacha kucheka. "Jumapili uende kwa kila mumoja. Kwa mudomo yako. Bajue jina yabo bameiandika kwa ajili ya nini. Hiyo iko kitu kubwa."

Nilisema sitaweza. Akasema anajua.

Jumapili iliyofuata chakula kilikuja. Chote. Meza mbili hazikutosha, wakaongeza ya watoto. Mchungaji aliuliza tunasherehekea nini, na kila aliyeulizwa alimwelekeza kwa mwenzake, kwa sababu kila mtu alidhani mwingine anajua. Mwishowe akasimama akaliombea "jambo hili", na familia inayohusika nalo, na watu wakasema amina kwa nguvu.

Nilianza na auntie mmoja Mkenya anayekaa karibu na mlango. Ni nesi, ana sauti ya kuita wagonjwa, na sijui kwa nini nilianza na yeye. Nadhani ni kwa sababu ya mlango.

"Kwani hii haikuwa ya mtoto wa yule jirani yenu?"

"Hapana, auntie. Ni ya amani. Ni ombi. La kupunguza silaha."

"La silaha! Na mimi nimeponda viazi tangu alfajiri."

"Pole, auntie."

"Pole ya nini, si watu wamekula? Hebu soma hiyo kitu nisikie."

Nikasoma, nikitafsiri. Sijawahi kusikia sauti yangu kwenye ule ukumbi bila ya wimbo. Ilikuwa ndogo lakini ilifika mpaka kwake.

"Ati serikali zote?"

"Zote."

"Hata ya kwetu?"

"Zote, auntie."

"Hapo sawa. Jina liwache." Akachukua kalamu. "Lakini mukimo nautoa, wasione kama hatuna akili." Akaukata kwa mistari miwili iliyonyooka, kama mtu anayesahihisha cheti cha dawa. "Na wewe uongee kwa nguvu, unaomba amani ama unaomba msamaha?"

Nikaandika kwenye daftari: anakubali.

Mama mmoja Mtanzania, ambaye ndiye aliyetufundisha Kiswahili cha kuandika Jumamosi tulipokuwa wadogo, aliisoma yote mwenyewe kwa Kiswidi, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Na hao wanawake wa zamani," akauliza, "walifanikiwa?"

"Hapana. Vita ilikuja."

"Jamani. Sasa mwanangu, unarudia kitu kilichokwishakataa?"

"Ni kazi ya shule."

"Aa, kama ni ya shule, haya." Akatia sahihi mara ya pili juu ya ile ya kwanza, kuonyesha kwamba sasa anamaanisha.

Sio wote. Kulikuwa na mama mmoja wa kwetu ambaye shemeji yake ni askari kule nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema, "Bakipunguza silaha, yeye atalisha watoto na nini?" Nikaliandika swali lake kwenye daftari. Wale wanawake nilikuwa nimewasoma wiki nane bila kulikuta. Akakata jina lake, akaiacha sombe. Mwingine alisema mume wake ndiye husoma karatasi za Kiswidi, na mume amesafiri. Nikamwuliza anarudi lini. Wawili walikuwa hawasemezani, na wa pili aliposikia wa kwanza amekubali, akatoka.

Bibi mmoja ambaye hakusoma aliketi na sahani yake magotini, akanitaka nisome pole pole, tena na tena. Jina lake kwenye karatasi alikuwa ameandikiwa na jirani yake.

"Hii karatasi inaenda kwa nani?"

"Kwa mwalimu wangu."

"Mwalimu tu?"

"Ndiyo, nyanya."

"Iko na jeshi?"

"Hapana."

Akatafuna kidogo. "Haya. Tuanze naye."

Ilinichukua saa mbili na nusu. Kuna wakati nilijificha chooni, na nilipotoka nilikuta mtu ananingoja mlangoni, siyo kwa ajili ya choo bali kwa ajili ya karatasi, kwa sababu habari zilikuwa zimesambaa na alitaka kujua kwa nini nimemruka. Hakuna jambo la namna hiyo lililowahi kunitokea.

Waliobaki baada ya kuulizwa walikuwa arobaini na watano. Pamoja na wale wanne wa kituoni, arobaini na tisa.

Mama nilimwendea mwisho. Alikuwa anagawa maharage.

"Mama."

"Hapana."

"Sijasoma bado."

"Najua inasema nini. Iko muzuri. Hapana. Leta sahani yako."

Tulirudi nyumbani na sufuria zetu mbili. Alikuwa anasugua ile kubwa, amenipa mgongo, na aliniambia bila mimi kuuliza. Alipokuwa na umri wangu aliimba kwaya. Majina ya wanakwaya yalikuwa yamebandikwa mlangoni mwa kanisa, yamepangwa kwa sauti, ili kila mtu ajue mahali pa kusimama. Wakaja watu wenye bunduki. Waliibandua ile karatasi mlangoni wakaenda nayo nyumba kwa nyumba. Yeye wiki hiyo alikuwa mjini kwa shangazi yake. Kwao walifika.

"Baliuliza: iko wapi ule wa sauti ya kwanza?" Akaigeuza sufuria, akaanza upande wa nje. "Hata kuimba hawakunisikiaka. Balikuwa na karatasi tu."

Nikauliza wengine ilikuwaje.

"Hii imeungua sana," akasema. "Nani alipika maharage kwa moto ya hivi?"

Ni yeye aliyepika. Nilichukua taulo nikakausha ile ndogo. Baadaye akaongeza kwamba tangu wakati ule jina lake liko kwenye kitambulisho, liko kazini, na liko kwa Mungu, basi. Kwenye daftari niliandika: Mama, hapana. Sababu ipo. Ni jibu la pekee ambalo sikulielezea, na mwalimu hajawahi kuuliza.

Nilihitaji mtu mmoja, na nilikuwa na siku tano. Jumatatu nikashikwa na homa, ile ya Februari inayozunguka shule nzima. Nikiwa kitandani nilimwandikia mwalimu kwamba Sombe ni majani ya muhogo. Nilimweleza na mengine, ukurasa wa pili pia. Akajibu: "Aha." Baada ya saa moja akaandika tena kwamba ni lazima yote hayo yaingie kwenye kazi, na kwamba idadi haibadiliki, ni hamsini.

Jumanne na Jumatano sikuweza kusimama. Alhamisi nilisimama, nikakaa. Ijumaa homa ilishuka, lakini nilikuwa na sauti ya chura, na saa tisa alasiri nilikuwa bado nimekaa mezani na karatasi mbele yangu, nikijiambia kwamba nitatoka baada ya dakika kumi. Nilikuwa nimeshajiambia hivyo tangu asubuhi.

Mama akaingia kutoka zamu ya asubuhi. Hakuvua koti. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akahesabu kwa kidole ingawa alijua.

"Inabaki mumoja."

"Ndiyo."

"Na mwisho iko saa kumi."

"Ndiyo."

Akavuta kiti. Akaifuta mikono yake kwenye koti, ijapokuwa ilikuwa mikavu. "Leta kalamu."

Nilimpa. Nilimpa kabisa, sitaki kujisafisha. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa naviona vile vipande kumi na viwili vya kitenge. Akaiweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa mwisho, na mkono wake ukawa kama mkono wa mtu anayejifunza kuandika. Jina la mama yangu ni refu. Alikuwa ameanza herufi ya kwanza nilipoivuta ile karatasi, na kalamu ikabaki inaandika kwenye kitambaa cha meza.

"We! Unataka kufeli?"

"Sitaki."

"Basi?"

"Jina lako silitaki."

Niliisema kwa Kiswahili. Ilitoka vibaya kuliko nilivyokusudia, lakini kwa Kiswidi nisingeweza kuitoa kabisa. Mama hakukasirika. Alikaa na kalamu mkononi akinitazama kama anavyowatazama wazee wake wakikataa dawa, akiamua kama leo abishane au asibishane.

"Weye," akasema mwishowe, "vaa kofia, uko mugonjwa."

Sikuvaa kofia kwa sababu sikuwa na nguvu ya kwenda nje. Nilishuka ngazi na karatasi yangu mpaka chini kabisa, kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, ambacho kila nyumba ina zamu yake, kwa kuwa taa yake ilikuwa inawaka. Ndani alikuwemo mwanamke wa ghorofa ya pili. Tumeishi jengo moja miaka tisa na nilichokuwa nakijua kwake ni mgongo unaofunga mlango. Alikuwa anatoa mashuka meupe kwenye mashine.

"Hii si zamu yako," akasema.

"Najua. Sifui. Nina ombi la amani, ningependa kukusomea."

Hakusema nisome wala nisisome. Nikasoma, kwa ile sauti ya chura. Yeye aliendelea kutoa mashuka.

"Rudia hapo kwenye silaha."

Nikarudia.

"Wametuonya," akasema, "sisi wenye umri huu, tusitie sahihi kwa mtu yeyote anayekuja na karatasi."

"Ni ushauri mzuri," nikasema, kwa sababu ni ushauri mzuri.

Akanitazama. Halafu akanipa pembe mbili za shuka. Mashuka hapa hunyooshwa na watu wawili kabla ya kupita kwenye mashine ya kupigia pasi: mnasimama mbali, mnavuta kila mtu kwake kwa nguvu, mnakunja, mnakwenda mnakutana katikati, mmoja anachukua pembe zote, mwingine anarudi kushika mkunjo wa chini. Nilikuwa nimewaona wengine wakifanya. Aliniambia tangu mume wake afariki huwa anafunga upande mmoja kwenye bomba.

Mashuka yalikuwa sita. Kila tulipokutana katikati, uso wake ukiwa karibu kabisa na wangu, aliniuliza swali moja, kisha tukaachana tena.

"Nani anaipokea?"

"Mwalimu wangu."

Tukavuta.

"Atafanya nini nayo?"

"Ataisoma."

Tukavuta.

"Na itasaidia?"

Nilifikiri shuka zima. "Sidhani," nikasema tulipokutana.

"Umewauliza wangapi?"

"Sitini na sita. Na wewe."

La sita lilipokwisha alifuta mikono yake, akavaa miwani iliyokuwa shingoni, akaisoma karatasi yote kuanzia juu pamoja na majina yaliyokatwa. Alikaa muda kwenye yale yaliyokatwa. Kisha akatia sahihi yake polepole, kwa mwandiko wa shule za zamani, akaongeza na namba ya nyumba na ya simu, ijapokuwa hakukuwa na nafasi yake.

Kazi ilipita, nililijua hilo wiki mbili baadaye, kwa alama ya chini kabisa kati ya zinazopita. Wakati ule nilijua tu kwamba ni saa kumi kasoro dakika nane na kwamba bado sijaipiga picha ya kumtumia mwalimu. Nikamshukuru nikageuka.

"Zimebaki foronya," akasema.

Nilimwambia nina dakika nane.

"Ziko nne tu," akasema, akanipa pembe.